Mathias Zdarsky, Mwalimu wa Theluji

Mhariri wa kurasa za Kiswahili ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Huenda wengi wenu mlitazamia jina la mfalme au la mpigania uhuru. Mimi nimemchagua mwalimu mmoja wa nchi ya Austria, aliyefariki mwaka wa 1940. Katika vitabu vyetu vya historia hatajwi, lakini katika nchi zenye milima ya theluji jina lake lajulikana sana. Aliitwa Mathias Zdarsky. Kabla sijaeleza maisha yake, sharti niseme jinsi nilivyopata kumjua, maana nilimjua kwa sababu ya hasira yangu mwenyewe.

Sisi tuliokulia chini ya Ruwenzori twaiona theluji kwa mbali tu. Asubuhi mapema, kabla mawingu hayajashuka, huonekana nyeupe juu ya vilele. Kisha hufunikwa, na mtu huenda zake darasani. Nilipopelekwa Austria kusomea habari za misitu, ndipo nilipoikanyaga kwa mara ya kwanza. Majira ya baridi ya kwanza nilijifunza kuteleza kwa mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni, ziitwazo skii. Mwaka wa pili theluji iliwahi, ikaanguka milimani mapema mwezi wa Novemba. Wanafunzi wenzangu wawili, wenyeji wa nchi ile, wakanialika twende Jumamosi mahali pasipokuwa na mashine ya kupandisha watu wala njia iliyotengenezwa. Tungepanda kwa nguvu zetu, na kushuka kwa skii zetu.

Tulipanda muda wa saa nne. Tulipofika karibu na kilele, mbele yetu palikuwa na mteremko mpana, laini kama shuka iliyopigwa pasi, wala hapakuwa na alama ya mtu hata mmoja juu yake. Yule mkubwa kati yetu hakuutazama uzuri wake. Alichukua beleshi, akachimba shimo pembeni mpaka ardhini. Juu palikuwa na tabaka gumu lililopangwa na upepo. Chini kabisa theluji haikushikamana. Ilimchuruzika mkononi kama sukari. Tulipokuwa tukisogea tukasikia mvumo mzito chini ya miguu, kama mlango mkubwa unaofungwa katika nyumba ya mbali. Hapo akasema turudi.

Nilikasirika. Nikamwona mwoga. Tukashuka kwa njia ya msituni, polepole, mimi sisemi neno. Kesho yake niliutazama mteremko ule kwa darubini kutoka bondeni, nikaukuta mzima, haukuporomoka. Nikafurahi nikidhani nimeshinda hoja. Mwenzangu hakubishana nami. Alinipa kitabu juu ya maisha ya Zdarsky, akaniambia nikisome kwanza, kisha tutazungumza. Haya ndiyo niliyoyasoma, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye.

Mathias Zdarsky alizaliwa tarehe 25 Februari, mwaka wa 1856, katika kijiji cha Kožichovice huko Moravia. Siku zile Moravia ilikuwa chini ya milki ya Austria. Leo ni sehemu ya nchi ya Ucheki. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ualimu, tena alipenda sana kuchora na kuchonga sanamu. Mwaka wa 1889, akiwa na umri wa miaka 33, alihamia shamba moja liitwalo Habernreith, juu ya mji mdogo wa Lilienfeld. Huko aliishi peke yake. Wakati wa kiangazi mahali pale ni pa kupendeza, lakini majira ya baridi theluji hujaa mpaka magotini na zaidi, na mtu wa shambani huwa kama amefungiwa.

Basi, karibu na wakati ule dunia nzima ilikuwa ikimsifu Mnorwe mmoja, Fridtjof Nansen. Mwaka wa 1888 Nansen na wenzake watano walikivuka kisiwa cha Greenland kutoka mashariki mpaka magharibi, juu ya barafu, kwa kutumia skii. Kitabu chake juu ya safari ile kilipotafsiriwa kwa Kijerumani kilisomwa na watu wengi, na Zdarsky alikuwa mmoja wao. Akaona kwamba kama mbao zile zimeweza kuivuka Greenland, basi zaweza kumtoa yeye shambani kwake. Akaagiza skii kutoka Norwe.

Zilipofika zilimshinda. Urefu wake ulikuwa karibu meta 3, na kiatu kilishikwa kwa kamba tu, hata kisigino kikapeperuka huku na huku. Katika vilima vya Norwe, vilivyo virefu na vya mteremko wa wastani, zilifaa sana. Lakini Lilienfeld ni nchi ya miteremko mikali, yenye miti na mawe. Mtu aliyeanza kuteleza pale hakuwa na njia ya kujizuia. Aliweza kwenda, kusimama hakuweza, ila kwa kuanguka au kwa kugonga mti.

Mtu mwingine angezitundika ukutani. Zdarsky hakufanya hivyo. Kwa muda wa miaka sita hivi, kila majira ya baridi, alijifundisha peke yake, hana mwalimu wala mtu wa kumcheka. Alizikata skii mpaka zikawa na urefu wa karibu meta 1.8. Akatengeneza kishikio cha chuma cha kushika kiatu imara, ili mguu ukigeuka na ubao ugeuke pamoja nao. Husemwa kwamba alijaribu vishikio vya namna 200 kabla hajaridhika. Kisha akabuni namna ya kugeuka: kuufungua ubao mmoja kwa upande wa nyuma, ukae mshazari na kuuma theluji, ndipo mwendo unapungua na mtu anageukia upande autakao. Mkononi alishika fimbo moja tu, ndefu, ya kumsaidia kusimama sawasawa.

Nataka mlifikirie jambo hili vizuri. Watu waliomtangulia walikuwa wakijifunza jinsi ya kwenda mbali na jinsi ya kuruka juu. Huyu aliyekuwa peke yake shambani alitumia miaka sita akijifunza jinsi ya kusimama. Alijua kwamba akivunjika mguu mlimani hakuna atakayemsikia. Kwa hiyo hakuona fahari katika mwendo ambao hawezi kuuzuia.

Majira ya baridi ya mwaka wa 1896 kuingia 1897 alitoa kitabu cha kuieleza njia yake, akaiita kwa jina la mji wake wa Lilienfeld. Kilikuwa kitabu cha kwanza kilichofundisha hatua kwa hatua jinsi ya kushuka milima mikali kwa skii. Watu wakaanza kumjia, wengi wao wakitoka mji mkuu wa Vienna kwa gari la moshi. Aliwafundisha bila kutoza hata senti moja, na katika miaka ile wanafunzi wake wakawa maelfu. Aliwapanga safu kama mwalimu wa gwaride, akawasahihisha mmoja mmoja. Mwaka wa 1900 chama kiliundwa ili kuieneza njia yake. Watoto wa matajiri na vibarua wa mji walisimama pamoja katika safu moja wakingoja zamu yao.

Lakini nisimwandike kama malaika. Alikuwa mtu mkali, asiyependa kupingwa. Wanorwe walipodharau njia yake, alijibu kwa maneno ya moto, na magomvi yakajaa katika magazeti ya wakati ule. Januari mwaka wa 1905 Mnorwe mmoja hodari, Hassa Horn, alikuja Lilienfeld kujionea mwenyewe. Alipoona jinsi Zdarsky anavyoshuka mahali pakali, alikiri kwamba kwa milima ya namna ile njia yake ilikuwa bora. Hata hivyo Zdarsky hakuwa sahihi katika kila jambo. Alishikilia fimbo yake moja mpaka mwisho, na leo kila mtu hutumia mbili. Mwalimu mzuri aweza kukosea, na wanafunzi wake wakaendelea mbele.

Tarehe 19 Machi, mwaka huohuo wa 1905, alifanya mashindano juu ya mlima Muckenkogel, karibu na Lilienfeld. Alisimika vijiti vilivyofanya malango 85 kutoka juu mpaka chini, na kila mshindani alipaswa kupita katika yote. Walishindana watu 24, na mmoja wao alikuwa mwanamke. Wengi huhesabu kuwa siku ile ndiyo mwanzo wa mbio za malango ambazo sasa zimo katika michezo ya Olimpiki. Kwa Zdarsky shabaha haikuwa mbio peke yake. Alitaka kuona nani anaweza kuzitawala skii zake, ageuke pale anapotakiwa kugeuka.

Alibuni na kitu kingine, kidogo, kisicho na sifa nyingi. Kilikuwa mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi kisichopitisha upepo. Watu waliopatwa na usiku au tufani mlimani hujifunika wote pamoja, wakakaa chini yake wakipashana joto kwa miili yao. Mpaka leo watu wa milimani wanaosema Kijerumani huuita mfuko huo kwa jina la Zdarsky, na waokoaji huuchukua. Umewaokoa watu ambao hawakupata kuusoma ukurasa mmoja wa vitabu vyake.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo lenyewe aliloliogopa, kwa kuwa ninyi hamjapata kuliona. Sisi hudhani kwamba theluji ni kitu kimoja, kama mchanga. Sivyo. Kila inapoanguka huweka tabaka jipya, na matabaka yale hayashikamani sawa. Mwanzo wa majira ndio wenye hila. Theluji ya kwanza ni nyembamba, na ardhi chini yake bado ina joto la kiangazi. Ukija usiku wa baridi kali usio na mawingu, juu huwa baridi sana na chini huwa vuguvugu. Mvuke hupanda kutoka chini, na chembe za theluji hugeuka kuwa punje kubwa zisizoshikana, kama sukari ile niliyoiona katika shimo. Katika miteremko isiyopata jua punje hizo hukaa majuma mengi.

Kisha huja tufani ya pili. Upepo huichukua theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuilundika upande wa pili, ikawa bamba zito na gumu juu ya punje zile. Kwa macho, mteremko ni mzuri kabisa. Kwa kweli ni dari iliyojengwa juu ya marumaru. Mtu mmoja akipita juu yake uzito wake waweza kulivunja bamba lote, hata lenye upana wa meta mia, na lote likaondoka kwa pamoja pamoja naye. Hayo ndiyo maporomoko ya theluji. Miteremko ya hatari zaidi ni ile ya digrii 30 mpaka 45, nayo ndiyo ileile ambayo watu wa skii huipenda. Na mara nyingi anayefukiwa ndiye aliyeyaanzisha mwenyewe, yeye au mwenzake. Tena mwanzoni mwa majira mawe na visiki vimefunikwa kidogo tu, basi hata poromoko dogo lililomburura mtu humpondea juu yake.

Dalili zipo kwa mwenye kutazama. Mvumo ule chini ya miguu ni bamba linaloshuka juu ya punje. Nyufa zinazokimbia mbele ya skii ni dalili. Poromoko jipya katika mteremko wa jirani ni dalili. Theluji nyingi iliyoanguka usiku mmoja, au upepo mkali, au joto la ghafula, ni dalili. Zdarsky aliyachungulia mambo haya mwaka baada ya mwaka, akawafundisha watu wayachungulie, wakati ambapo wenyeji wengi waliona maporomoko kuwa ni kudura tu isiyochunguzika.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka wa 1914, Zdarsky alikuwa na miaka 58. Mwaka wa 1915 Italia iliingia vitani dhidi ya Austria, na mpaka wa nchi zile mbili ulipita juu ya vilele vya milima. Vijana waliotoka nchi za tambarare, ambao hawakuwa wameona mlima, wakapelekwa kulala kwenye theluji nyingi mno. Zdarsky alijitoa kuwafundisha askari wa nchi yake, kama mwalimu na mshauri wa mambo ya mlima. Aliwaonyesha mahali pa kupita na mahali pa kuepuka. Na katika vita ile ya milimani theluji iliwaua watu maelfu, wa pande zote mbili.

Tarehe 28 Februari, mwaka wa 1916, habari ilifika kwamba askari wamepatwa na maporomoko katika milima ya mpakani. Zdarsky alikwenda pamoja na waokoaji. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu kutimiza miaka 60. Walipokuwa katika kazi ile poromoko jingine lilishuka, likamchukua yeye. Mtu aliyejua theluji kuliko wengi wa zama zake akafukiwa na theluji. Alipotolewa alikuwa hai, lakini mwili wake ulikuwa umevunjika na kuteguka mahali kama 80.

Niliposoma habari hii nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Nilikuwa nimetazamia kwamba ujuzi wake ungemlinda. Kama yeye alifukiwa, nilijiuliza, basi ya nini kujifunza? Ya nini kuchimba shimo na kusikiliza mvumo? Nilikaa na swali hilo siku kadhaa, mpaka nilipoona kwamba nililiuliza vibaya. Zdarsky hakuwa pale kwa ajili ya kuteleza, wala kwa ajili ya kuonekana. Alikuwa pale kwa sababu kulikuwa na watu chini ya theluji. Mtu aweza kuiingia hatari macho wazi, akiipima dhidi ya maisha ya wengine. Ni jambo jingine kabisa kuiingia kwa sababu mteremko unapendeza na wenzako wanakutazama. Na ujuzi haumfanyi mtu kuwa chuma. Kazi yake ni kupunguza idadi ya mara tunazobahatisha.

Miezi kumi baadaye milima ilionyesha tena maana ya neno hilo. Desemba mwaka wa 1916 theluji nyingi sana ilianguka, ingawa majira ya baridi yalikuwa yakianza tu, kisha joto likapanda. Tarehe 13 ya mwezi huo, mapema alfajiri, poromoko kubwa lilishuka kutoka mlima Marmolada, likaziangukia nyumba za mbao walimolala askari wa Austria na Hungaria. Walikufa karibu 270. Jambo linalouma ni hili: kapteni wao alikuwa ameiona hatari ya mahali pale, akaomba ruhusa ya kuwahamisha watu wake, akakataliwa. Dalili zilikuwako, na mtu wa kuzisoma alikuwako. Aliyekosekana ni mtu wa kusikiliza.

Turudi kwa Zdarsky. Watu walidhani amekwisha. Lakini wazee wetu husema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kama alivyozichezea skii zake miaka sita bila kuchoka, ndivyo alivyoushughulikia mwili wake. Alijibunia vifaa vya kujinyoosha, akafanya mazoezi siku baada ya siku, katika maumivu makali. Mwisho wake akaweza kusimama tena juu ya skii. Hakurudi kuwa yule wa zamani, lakini alirudi.

Akarudi pia kwenye uandishi. Karibu na mwaka wa 1930 alitoa kitabu juu ya maporomoko ya theluji, ambamo aliyaweka aliyojifunza kwa macho yake na aliyojifunza kwa mifupa yake. Wakati huo wataalamu wa Uswisi na wa Austria walianza kuifanya theluji kuwa somo la sayansi, wakipima matabaka na joto lake. Mathias Zdarsky alifariki tarehe 20 Juni, mwaka wa 1940, katika mji wa Sankt Pölten, akiwa na umri wa miaka 84. Ni miaka 24 baada ya siku ile aliyofukiwa. Katika mji wa Lilienfeld vitu vyake vimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho.

Leo mambo yameendelea sana. Katika milima ya Alps taarifa ya hatari ya theluji hutolewa majira yote ya baridi, na tangu mwaka wa 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja, kutoka 1 mpaka 5. Kila mtu anayekwenda nje ya njia zilizotengenezwa huambiwa achukue vitu vitatu: chombo kidogo cha redio cha kutoa na kupokea ishara, ufito mrefu mwembamba wa kuchoma theluji, na beleshi. Vitu hivyo ni vya kumtafuta mwenzako upesi, maana aliyefukiwa hukosa pumzi. Akipatikana katika dakika 10 za kwanza, mara nyingi huwa hai. Nusu saa ikipita, wengi huwa wamekwisha kufa. Pamoja na hayo yote, kwa wastani watu karibu 100 hufa kila mwaka kwa maporomoko katika milima ya Alps. Wengi wao walikuwa na vyombo, na wengine walikuwa wamesoma taarifa asubuhi ileile.

Nilipokimaliza kitabu nilimrudishia mwenzangu. Tukazungumza. Nikamwuliza alijuaje kwamba mteremko ule ungetuua. Akajibu kwamba hakujua, wala mpaka leo hajui. Huenda tungeshuka watatu tukicheka, tukafika chini salama. Ndipo nilipofahamu ugumu wa jambo alilolifanya. Anayeendelea mbele akafika salama husifiwa. Anayeendelea akafa huzikwa, na kila mtu hulitambua kosa lake. Lakini anayegeuka nyuma hapati ushahidi wowote. Mlima haumpi cheti mtu aliyerudi. Hubaki na uchovu wake, na hasira ya wenzake, na maisha yake. Nilimwomba radhi, naye akacheka, akaniambia tupande tena theluji ikikaa vizuri. Tulipanda Februari, tukashuka mteremko uleule, na ulikuwa mzuri kama nilivyoudhania.

Wadogo zangu, wengi wenu hamtavaa skii maishani. Lakini nasikia chama cha kupanda milima bado kiko hapo shuleni, na kila mwaka wapo wanaokwenda Ruwenzori au Elgon. Huko hakuna theluji ya Novemba kama ya Austria, lakini kuna ukungu, mvua, matope, mawe yanayoteleza, na baridi ya usiku; na juu ya vilele vya Ruwenzori kuna barafu yenye nyufa, ingawa inapungua mwaka hadi mwaka. Pia kuna jambo moja lililo sawasawa milima yote: kijana aliyepanda saa nne hapendi kuambiwa arudi. Nalijua kwa kuwa nilikuwa kijana huyo.

Basi kiongozi wenu wa mlimani akisimama, akatazama mawingu, akasema leo basi, mkumbukeni mwalimu wa Lilienfeld. Yeye alianza kwa kujifunza kusimama, na watu maelfu wakajifunza kwake kuteremka. Kununa mnaweza kununa kidogo, kama nilivyonuna mimi. Lakini rudini naye. Mlima utakuwapo mwakani, na mimi nataka mwakani muwepo pia, mniandikie habari zake katika kurasa hizi.